Vyumba Tisa Anavyoviacha Guka

Kwa Mzee Ndambiri,
S.L.P. 31,
Siakago.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Tata Angeline, shangazi yangu,

Bwana asifiwe sana. Pokea salamu zangu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Leeds, wewe na Baba Karambu, na kwamba baridi imewapungukia kidogo, maana nasikia huko miezi hii ndiyo ya jua. Karambu anaendeleaje? Mama alinionyesha picha yake akiwa na sare mpya ya shule. Amekuwa mrefu, na macho ni ya baba yake kabisa. Na kiuno chako je? Mara ya mwisho ulisema kuwainua wale wazee kitandani kumekuumiza. Nauliza ingawa najua jibu litachukua siku.

Shuleni tulifundishwa kwamba hapa ndipo mwandishi anaposema sisi sote huku ni wazima. Nimeuandika mstari huo mara mbili na kuukata mara mbili, ndiyo maana karatasi hii ni ya tatu. Baba ni mzima. Mama ni mzima, ingawa vumbi la kupepeta ndengu linamkohoza. Mimi ni mzima. Guka, baba yako, si mzima, Tata. Nitakueleza yote, ila nivumilie nianze na mambo mengine, kwa sababu mkono wangu bado haujapata nguvu.

Mvua ndefu ilikatika mapema. Ndengu tulizovuna hazikujaza hata debe tatu, lakini mtama umesimama. Muguka wa Baba unaendelea kuchipua majani ya kutafuna, maana ule hauombi mvua nyingi. Yule mbuzi mweupe uliyemwacha akiwa mdogo wakati wa mazishi ya Cucu, mama yako, amezaa mapacha, wote majike.

Matokeo yangu ulikwisha kuyasikia mwezi wa kwanza. Wastani ulikuwa C, na hesabu nilipata D. Baba anasema tutaulizia chuo cha ufundi mwezi wa tisa. Mimi sijui nataka kujifunza nini. Watu wakiniuliza, nasema ushonaji, ili wasiulize tena.

Pengine unashangaa kupata barua wakati simu zipo. Unajua mimi na simu. Ukinipigia naishia kusema ndiyo Tata, hapana Tata, halafu nampa Mama. Haya ninayotaka kusema ni marefu, na mdomoni hayatoki. Tena Kiunga, ndugu yake Baba Karambu, amekuja Kianjai kumwona mama yao na anarudi huko Jumatano. Amekubali kupita hapa aibebe na kukupa mkononi. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine pia. Tafadhali usiitazame kabla hujamaliza kusoma.

Sasa nianze na kile kitabu.

Niliporudi kutoka shule ya bweni Novemba, Mama alinikabidhi kazi ya picha ya Jumapili. Aliniambia Tata yako anataka kila wiki aone ukurasa ambao baba yake amejaza, basi baada ya kanisa uupige picha na umtumie. Nikafikiri ni zile sudoku za kawaida, mafumbo ya namba ya gazetini. Nilipofungua kitabu sikuelewa kitu. Miraba yote ilikuwa mitupu, hakuna hata namba moja ya kuanzia, ila mistari ya nukta nukta iliyozungusha vyumba viwili viwili, vitatu vitatu, na kinamba kidogo kwenye kona.

Najua wewe mwenyewe hukuwahi kuzijaribu, ulisema ulikinunua kwa sababu wazee wa pale kazini kwako wanakipenda. Basi nikueleze kidogo, kwa maana bila hivyo hutaelewa nilichofanya. Kila mstari uwe na moja mpaka tisa bila kurudia. Kila safu vivyo hivyo, na kila mraba mkubwa. Lakini namba hupewi. Unachopewa ni jumla tu ya kila kizimba, yaani kila kundi la vyumba lililozungushwa nukta. Ukiambiwa vyumba viwili jumla yake ni tatu, unajua ndani kuna moja na mbili, ila hujui nani yuko upande gani. Kutoka kwa vijumla hivyo unajenga vyumba vyote themanini na kimoja.

Guka haviiti vizimba. Anaviita mazizi. Nilimwuliza ameyajulia wapi, akacheka.

"Miaka ishirini na minne kwenye mizani ya pamba," akasema. "Gunia linafika limefungwa. Unapima, unasema ndani kuna nini. Utanidanganya mimi na zizi la vyumba viwili?"

Siku hizo alikuwa akijaza ukurasa mmoja kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Nilikaa kando yake kwenye benchi bila kusema, kama ninavyokaa kila mahali. Kila ukurasa aliomaliza ulibaki na vyumba tisa vitupu. Mimi, Tata, nilidhani vimemshinda. Nilimwonea huruma. Nikasema mzee wa watu amefika karibu kabisa akachoka, basi nimsaidie kimyakimya. Ilikuwa rahisi, kwa kuwa kila mstari ulikosa namba moja tu. Alipokwenda kulala mchana nilijaza vile vyumba kwenye kurasa nne. Hata sikujiuliza kwa nini vyote vilikosa namba ile ile.

Alipoamka na kuona, uso wake ulibadilika.

"Nani ameingiza hii nyumbani kwangu?"

"Ni mimi, Guka. Ulikuwa umesahau."

"Nimesahau?" Akashika kifutio, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. "Baba yangu alikufa bila kuitaja. Mimi nimezeeka bila kuiandika. Wewe na shule yako unaniletea tisa kila ukurasa!"

Siku tatu hakugusa kitabu wala hakuniita. Mama ndiye aliyenieleza, huku akicheka, kwamba Guka haandiki saba. Hata kutaja hataji. Kwa wazee wake ilikuwa namba ya kulaania. Akihesabu mbuzi anafika sita, ananyamaza kidogo, kisha anaendelea na nane. Mama akanikumbusha pasta alivyomchokoza siku moja mbele ya wazee wa kanisa: "Mzee Ndambiri, Mungu alipumzika siku gani?" Guka akajibu bila kupepesa, "Siku inayofuata ile ya sita, Pasta. Wewe umesoma, jaza mwenyewe." Wewe ulikua ukiyajua hayo. Mimi nimekaa bweni tangu darasa la sita na sikuyajua.

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti kabisa. Akanitazama, akasema, "Inuka, mke wangu, magoti ni ya Mungu." Unajua ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la Cucu, Rwamba, kama wewe unavyoniita maitu, mama yako. Kisha akasema ikiwa nataka kuingilia mazizi ya watu, nijifunze kwanza kuchunga.

Ndivyo nilivyoanza, na nilikuwa mbaya sana. Ukurasa wa kwanza nilikaa nao tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi, na nilikuwa na vyumba sita tu, viwili vikiwa na makosa. Nilijumlisha kwa vidole chini ya meza asinione. Alikuwa akionyesha zizi kwa ncha ya penseli. Yale yenye jumla iliyo na ile namba yake hakuyataja, alionyesha tu, mimi nikasoma moyoni. Kumi na saba, vyumba viwili.

"Nani wanalala humo?"

"Nane na tisa."

"Na wa vyumba vitatu mwenye sita?"

"Moja, mbili, tatu."

"Na huyu mwenye kumi na sita, vyumba viwili?"

Nilianza kutaja tisa na nikanyamaza. Akacheka mpaka akakohoa. "Umeanza kuwa mtu wa kwetu."

Alinifundisha pia kwamba mstari wowote jumla yake ni arobaini na tano, na kwamba hilo ndilo la kushika mengine yakikukimbia. Mazizi yakijaza mstari mzima na moja likatoa kichwa nje ya ua, unajumlisha yote, unatoa arobaini na tano, na kinachobaki ni yule aliyetoa kichwa. Mwalimu wetu wa hesabu hakuwahi kunifanya nione kitu namna hiyo. Nilikaa na D yangu nikajiuliza ilikuwa ya nani.

Kufikia Februari niliweza kumaliza ukurasa peke yangu kwa siku mbili. Nilikuwa nikinakili miraba kwenye daftari langu na kufanya ukurasa ule ule anaofanya yeye, halafu tunalinganisha. Tata, laiti ningebaki bila kujua. Kwa kuwa nilijua, niliona.

Ilikuwa wiki ya pili ya Machi. Ukurasa wake ulikuwa na vyumba kumi na vinne vitupu. Mtu mwingine angeona vitupu tu. Mimi nilikuwa na majibu kwenye daftari. Tisa vilikuwa vya saba. Vile vitano vilivyobaki vilikuwa vya tatu moja, nne mbili, na nane mbili. Hivyo havikuwa vya heshima. Alikuwa ameviacha kama anavyoacha vingine, vizuri, bila alama ya kufuta, na hakujua tofauti.

Nikajiambia amechoka. Wiki iliyofuata vilikuwa ishirini na mbili. Iliyofuata hiyo, alijaza mazizi manne juu, akaanza kujaza mazizi yale yale tena juu ya namba zake. Kisha akafunga kitabu na kuniambia nimpelekee mwenyewe.

"Mwenyewe ni wewe, Guka."

"Usinitanie. Mimi nina yangu ya kijani." Kile cha kijani ni cha kwanza, ulichomletea wakati wa mazishi. Alikimaliza zamani.

Jumapili hiyo ilikuwa tarehe thelathini Machi. Mama alikuwa jikoni na wageni wa kanisa. Wewe ulikuwa umetuma ujumbe wa sauti asubuhi ukisema picha ya Jumapili ndiyo inayokubeba wiki nzima pale kazini. Nilikuwa na ukurasa wa arobaini na tatu umekamilika kwenye daftari langu. Nikachukua penseli yake, nikaichonga kwa kisu kama anavyoichonga, nikaujaza ule ukurasa kitabuni. Nne yake ina mdomo wazi juu. Tisa yake ina mguu ulionyooka. Moja yake ina kofia. Niliyajua yote, nilikaa miezi minne nikiyatazama. Vile vyumba tisa niliviacha vitupu.

Nakumbuka ulivyojibu. Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi mpaka naujua kwa moyo. "Maitu, nimehesabu! Ni tisa! Huyo ni Baba mwenyewe, ameacha zake. Baba yangu hajaenda popote."

Kurasa kumi zilizotoka siku hiyo mpaka tarehe moja Juni, Tata, ni zangu. Hata ile ya Pasaka uliyomwonyesha msimamizi wako. Hakuna hata moja ambayo Guka aligusa. Jumapili iliyopita sikutuma, na niliandika kwamba simu haikuwa na chaji. Huo nao ulikuwa uongo.

Nilidhani ningefanya mara moja tu. Halafu mwezi wa nne ukasema kwa kuwa Baba yuko imara hivi huna haja ya kukimbia kuja Agosti, utangoja Desemba ya mwaka ujao upate likizo ndefu uje na Karambu. Nilikuwa nimeshika simu wakati unasema. Ningesema hapo. Nilisema, "Ndiyo Tata."

Utauliza kwa nini hukugundua mwenyewe kwenye simu. Salamu hazijamtoka. Hata leo akipewa simu atasema hamjambo, watoto hawajambo, mvua imenyesha huko, Mungu awabariki, na sauti yake ni ile ile. Baada ya hapo anarudisha simu, nasi tulizoea kwamba hapendi kuongea sana. Angeongea dakika nne ungejua. Huwa anaongea mbili.

Na si wewe peke yako niliyekudanganya. Mama alikuwa ameanza kuona. Alimkuta akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na siku nyingine akiwa amesimama mbele ya choo asijue mlango unafunguliwa wapi. Mwezi huo huo wa nne alimwambia Baba wampeleke hospitali. Baba akaninyooshea kidole nikiwa nimeshika kitabu.

"Si huyu hapa anapiga picha kila Jumapili? Mtu anayefanya hesabu ambazo hata mwalimu wao hazijui, apelekwe hospitali kufanya nini, Mama Rwamba? Uzee si ugonjwa."

Mama akarudi jikoni. Nami nikafunga kitabu.

Tarehe ishirini Mei, mchana, Guka alivaa koti lake la kazi na kutoka. Walimwona wanawake waliokuwa wakitoka soko la Ishiara, amesimama mbele ya stoo ya pamba iliyofungwa kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akiwaambia wapange mstari walete magunia, zamu inakaribia kwisha. Walidhani anatania. Mmoja akamwambia, "Sisi tumebeba nyanya, mzee, utazipima?" Akamwambia nyanya ni mlango wa pili. Wakacheka, mpaka alipoanza kulia kwa sababu hakupata ufunguo. Mama mmoja aliyemjua Baba akampigia simu.

Na Jumapili iliyofuata, Tata, baada ya hayo yote, nilikutumia ukurasa. Sina la kujitetea hapo.

Alhamisi, tarehe ishirini na tisa, Baba alimpeleka hospitali nami nikaenda kumshika mkono. Daktari alimwuliza mwaka, Guka akampa salamu. Akampa karatasi achore saa, Guka akachora duara na kulipitia juu yake mpaka likawa jeusi. Daktari akamwuliza Baba, "Aliacha kuweza mambo ya hesabu lini?"

"Hajaacha," Baba akasema. "Jumapili alijaza ukurasa mzima, hana kosa hata moja." Akaniambia nimwonyeshe kwenye simu.

Nikamwonyesha. Daktari alitazama picha, akamtazama Guka, akatazama picha tena. "Huyu na aliyejaza hapa hawafanani," akasema. "Mrudisheni baada ya wiki mbili nimwangalie upya. Sitaki kuanzisha dawa nikiwa sielewi." Akaandika hivyo kwenye faili. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Tulirudi nyumbani bila dawa, na sababu ni mimi.

Jumapili ya tarehe moja nilijaza tena. Nilikuwa nikijaza huku nikijichukia, na mkono ulikuwa mwepesi kuliko siku zote, ukurasa mgumu nikaumaliza kabla ya chakula. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuwa hodari. Sikupata furaha hata kidogo.

Ijumaa ya tarehe sita niliwaambia Baba na Mama. Niliweka daftari langu na kitabu mezani, nikafungua ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu maneno yalikataa. Mama alishika kichwa. Baba alitazama muda mrefu. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alisema, "Nimemkatalia baba yangu hospitali kwa mwandiko wa mtoto." Akatoka nje akakaa na mbuzi. Aliporudi akasema, "Mwandikie Tata yako mwenyewe. Mimi sina mdomo wa kumwambia."

Jumanne hii tulirudi kwa daktari na nikasema mwenyewe. Nilisema, "Daktari, zile kurasa ni zangu." Ni sentensi moja, na muuguzi akaniletea kiti. Daktari hakunigombeza. Alitupa dawa. Akaeleza kwamba hazirudishi kilichokwenda, zinachelewesha kidogo tu kile kinachobaki, na kwa Guka kinachobaki ni kidogo. Nikamwuliza, "Tungekuja Machi?" Akafunga faili. Nikamwuliza tena. Akasema pengine tungepata miezi michache zaidi ya yeye kutujua.

Miezi michache. Ndiyo miezi niliyoijaza kwa penseli.

Sasa fungua ile karatasi nyingine. Ni ukurasa wa hamsini na sita. Huo ni wake, wa kweli, mimi sikugusa. Juzi asubuhi aliomba kitabu, mara ya kwanza tangu Machi. Nilifurahi kama mjinga. Nikamchongea penseli, nikakaa kando yake kwenye benchi kama zamani. Aliandika polepole, akitoa ulimi kidogo kama anavyofanya akiwa na hesabu ngumu. Nilipoinama kutazama, alikuwa ameandika saba. Saba katika chumba cha kwanza, na cha pili, na mstari wote, na mstari uliofuata. Nimezihesabu, ni thelathini na moja. Nikamwambia, "Guka, hiyo ni nini?" Akasema, "Saba," wazi kabisa, kama mtoto anayesoma ubaoni. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Mama alisikia kutoka jikoni akaja mlangoni na mwiko mkononi.

Sikukutumia kwa simu kwa sababu nilitaka uishike. Utaona alivyokandamiza.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ningependa, lakini si hilo lililonifanya niandike. Pia sitaki kukudanganya tena kwa upande mwingine nikakuambia kwamba ukija atapona, au kwamba akikuona atakumbuka. Mimi nadhani hatakujua. Baba anamwita mwalimu. Mama anamwita yule mama. Mimi sasa ni Cucu. Si kwa utani wa jina, Tata, ananiona kweli kuwa ni Cucu, ananiuliza kwa nini nimenyoa, ananiambia nifunge banda la kuku. Mwanzo nilimkatalia, akaogopa. Sasa naitika.

Msalimie sana Baba Karambu, na umwambie kwamba Kiunga amemletea mama yao miwani na imemfaa. Mbusu Karambu, mwambie wale mapacha wa mbuzi mmoja ni wake, achague jina. Pasta anakusalimu, na wanawake wa ushirika wanaomba kwa ajili yako kila Alhamisi.

Kuna neno moja limebaki. Guka anakuulizia. Si wewe wa Leeds, ni wewe wa shule ya bweni mwenye sanduku la bati. Kila siku baada ya chai ananishika kitambaa cha kichwa na kuniuliza, "Rwamba, shule zinafungwa lini? Angeline anakuja lini?" Nikimwambia sijui, anaamka na kutafuta koti akupokee barabarani, nasi tunafunga mlango. Nikimtajia siku, anatulia, anakaa. Nimemtajia siku nyingi za uongo, naye anazisahau, kesho anauliza upya kama hajawahi kuuliza. Ninaweza kuendelea hivyo na hakuna atakayejua, kwa kuwa nimeshajifunza. Lakini sitaki. Niandikie siku, Tata, hata kama ni ya mbali, hata kama ukifika atakupa salamu za dakika mbili na kugeuka. Nataka akiniuliza nimwambie siku ambayo ipo.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe nguvu ya kuisoma hii mpaka mwisho.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Rwamba wa Kithaka